Mbuga ya Sibiloi na Makumbusho ya Koobi Fora: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Sibiloi iko wapi?

Iko kwenye ukingo wa kaskazini-mashariki wa Ziwa Turkana, Kaunti ya Marsabit, karibu na mpaka wa Ethiopia. Ilitangazwa mbuga ya taifa mwaka 1973 na ina ukubwa wa kilomita za mraba 1,570. Mwaka 1997 iliandikwa pamoja na Central Island kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, na South Island ikaongezwa mwaka 2001. Mvua haifiki milimita 250 kwa mwaka, na hata hiyo kidogo haina miadi. Ziwa halisaidii: ukipiga hatua mia chache kutoka ufukweni umeshaingia kwenye mawe meusi ya volkano, mchanga na vichaka vya miiba.

Kuna kituo cha wageni kama kwenye mbuga nyingine?

Kuna sehemu mbili, na watu wengi huzichanganya. Alia Bay ndiko makao makuu ya mbuga, chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Hapo unajiandikisha, unaonyesha risiti, unaomba askari wa kukusindikiza na unapata habari za barabara. Koobi Fora, kaskazini zaidi kwenye ulimi wa mchanga ulioingia ziwani, ni kambi ya watafiti na makumbusho madogo chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, pamoja na banda za kulala. Taasisi ni mbili, kwa hiyo na malipo ni mawili na taarifa ni mbili. Aliyelipia mbuga hajalipia makumbusho.

Usitarajie mkahawa, duka la zawadi wala kiyoyozi.

Je, nifike tu, au nitoe taarifa mapema?

Toa taarifa mapema. Wageni ni wachache na makumbusho hayafunguliwi kila asubuhi kumsubiri mpita njia. Wasiliana na Makumbusho ya Taifa, Nairobi, wiki mbili au tatu kabla, useme siku utakayofika, mko wangapi, na kama mtalala kwenye banda au kwenye mahema yenu. Kosa la kawaida ni mtu kusafiri siku tatu akakuta mwenye funguo yuko Ileret, kijiji cha kaskazini zaidi, au Marsabit kwa shughuli nyingine. Hapo hakuna wa kumlaumu.

Malipo hufanywaje?

Kwa eCitizen, mfumo wa serikali wa malipo ya mtandaoni; pesa taslimu hazipokelewi langoni. Ada hutofautiana kwa raia wa Kenya, raia wa Afrika Mashariki, wakazi wa kigeni na wageni kutoka nje, kwa hiyo kila mtu abebe kitambulisho au pasipoti halisi. Lipa ukiwa Marsabit mjini ambako mtandao upo, kisha chapisha risiti kwenye karatasi. Simu ikizima au mtandao ukipotea, picha ya risiti iliyo kwenye barua pepe haikusaidii. Ada hubadilishwa mara kwa mara, basi tazama kiwango siku unayolipa, si kile alicholipa rafiki yako mwaka juzi.

Njia ipi ni bora?

Kutoka Nairobi hadi Marsabit ni lami tupu kupitia Isiolo, zaidi ya kilomita 500. Lala Marsabit. Kutoka hapo njia inaelekea magharibi kupitia Maikona, Kalacha na North Horr, ikipita Jangwa la Chalbi, kisha inakata kuelekea Alia Bay. Kwa gari, hesabu siku tatu kutoka Nairobi. Atakayekwambia siku mbili ama ana bahati au anaendesha usiku, na usiku huku hakuendeshwi.

Chalbi ni sakafu ya ziwa la kale. Ikiwa kavu ni tambarare kama uwanja wa ndege na unaweza kusinzia kwenye usukani. Ikinyeshewa, ganda la juu hubaki linang'aa kama kavu huku chini ni tope la chumvi linalonata. Gari huzama hadi ekseli na kulivuta ni kazi ya siku nzima. Uliza North Horr au Kalacha kama kuna gari lililopita siku hiyo. Kama hakuna, subiri.

Njia ya pili ni kupitia Laisamis hadi Loiyangalani, kisha kaskazini. Kipande cha Laisamis kilitengenezwa wakati mitambo ya umeme wa upepo ya Lake Turkana Wind Power ilipokuwa inasafirishwa, na ni afadhali kuliko njia ya zamani ya Baragoi na South Horr. Wenye uwezo hukodi ndege ndogo. Wengine huvuka ziwa kwa boti kutoka Kalokol, upande wa Turkana. Hapo mwachie nahodha aamue saa ya kuondoka, kwa maana upepo wa ziwa hili huinua mawimbi ya kuzamisha boti. Nahodha akisema "leo hapana," usiongeze bei ili abadilishe mawazo.

Gari la aina gani, na nibebe nini?

Gari la magurudumu manne yanayovuta yote, lililoinuka, na yawe mawili. Gari moja likikwama peke yake huko, siku inaweza kupita bila gari jingine kutokea.

Mafuta: jaza tangi Marsabit. Ukitoka hapo, kinachopatikana ni mafuta ya madumu kwa bei ya muuzaji, na huenda yamechanganywa. Safari ya kwenda, kuzunguka mbugani na kurudi Marsabit ipangie kilomita 800. Gari linalokupa kilomita 8 kwa lita kwenye lami litakupa 5 kwenye mchanga. Hiyo ni lita 160. Ongeza robo ya akiba, ufike lita 200 kwa kila gari. Madumu ya mafuta yakae nje au kwenye keria, kamwe si ndani pamoja na abiria.

Tairi: spea mbili, si moja, pamoja na vifaa vya kuziba pancha na pampu ya kuunga kwenye betri. Kwenye mchanga mlaini punguza upepo hadi psi 20 hivi, tairi litanuke lisizame. Ukirudi kwenye mawe ya volkano, simama ujaze tena. Hapa ndipo wengi huumia: wanaona uvivu kushuka kujaza, mawe makali yanachana ubavu wa tairi, na tundu la ubavuni halizibiki. Beba pia kipande cha ubao mnene cha kuweka chini ya jeki. Bila hicho jeki itazama na gari halitainuka.

Maji kiasi gani?

Ya kunywa, lita 5 kwa mtu kwa siku. Ya kupikia na kunawa, lita 3. Gari liwekewe lita 20 zake. Watu 4 kwa siku 6 ni lita 192, na ya gari yanafika 212: madumu kumi na moja ya lita 20. Uzito wake ni zaidi ya kilo 200, na hiyo ni sababu nyingine ya kwenda na magari mawili.

Maji ya ziwa usiyategemee. Yana magadi na floridi nyingi, na kuyachemsha hakuondoi chumvi hizo. Kunaua vijidudu tu, na kadiri maji yanavyopungua sufuriani chumvi huzidi kukolea. Dawa ya vidonge nayo haiondoi. Ni maji ya kunawia miguu, tena ukiangalia kwanza kama hakuna mamba.

Msimu na saa nzuri ni zipi?

Epuka Aprili na Novemba, ndiyo miezi ambayo mvua hutarajiwa zaidi. Mvua si lazima ikunyeshee wewe. Laga, yaani mto mkavu wa mchanga, inaweza kujaa ghafla kwa mvua iliyonyesha milimani mbali huku juu yako jua likiwaka. Usipige hema ndani ya laga hata kama kivuli chake kinavutia, na ukikuta maji yanapita usijaribu kuvuka. Mara nyingi hupungua baada ya saa chache.

Kwa siku yenyewe, toka saa kumi na mbili na nusu asubuhi na uwe umerudi kivulini kufikia saa tano. Toka tena saa kumi. Mwanga wa asubuhi na jioni pia unafaa kwa kutazama visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe, kwa sababu kivuli cha upande huonyesha umbo la mfupa ambalo jua la utosini hulifuta. Upepo hushika kasi usiku hadi asubuhi, kwa hiyo vigingi vya kawaida vya hema havitoshi. Funga kamba kwenye mawe makubwa au kwenye mifuko iliyojazwa mchanga na kufukiwa.

Ndani ya makumbusho kuna nini?

Jengo ni dogo. Saa moja inatosha kama husomi, mbili kama unasoma. Ukifika, tazama kwanza namba. KNM-ER maana yake ni Makumbusho ya Taifa ya Kenya, Rudolf Mashariki. Rudolf ni jina ambalo wapelelezi wa Ulaya Teleki na von Höhnel walilipa ziwa mwaka 1888, na lilibadilishwa kuwa Turkana mwaka 1975, lakini namba za visukuku hazikubadilishwa. KNM-WT ni upande wa magharibi wa ziwa.

Mafuvu matatu yanastahili muda wako kuliko mengine.

KNM-ER 1470 liligunduliwa mwaka 1972 na Bernard Ngeneo. Lilikuwa limevunjika vipande zaidi ya 150 vilivyookotwa kwa kuchekecha mchanga, vikaunganishwa kimoja kimoja. Ni la miaka kama milioni 2 iliyopita na leo wengi huliita Homo rudolfensis, aina mojawapo ya binadamu wa kale.

KNM-ER 3733, pia kazi ya Ngeneo, mwaka 1975, ni fuvu la Homo erectus, aina nyingine ya binadamu wa kale, ambalo watafiti wengine huliita Homo ergaster. Tazama mfupa wa juu ya macho uliojitokeza kama ukingo wa paa.

KNM-ER 406, la mwaka 1969, ni Paranthropus boisei, ndugu wa mbali wa binadamu aliyetoweka: uso mpana, mashavu makubwa, na juu ya kichwa kuna kigongo ambapo misuli ya kutafunia ilishikilia. Sasa yaweke 406 na 3733 pamoja akilini. Viumbe hawa wawili waliishi ukingo wa ziwa hili hili kwa wakati mmoja. Mchoro ule wa fulana, nyani anasimama pole pole mpaka anakuwa mtu aliyeshika mkuki, unavunjika hapo, na binafsi tunaona hilo pekee linatosha gharama ya safari.

Hayo mafuvu ni ya kweli au ya bandia?

Unayoyaona Koobi Fora ni nakala, zilizofinyangwa kutoka kwenye ya asili kwa usahihi mkubwa. Ya asili yamo kwenye chumba salama Nairobi. Kisukuku kilichokaa ardhini mamilioni ya miaka huweza kupasuka kikiachwa kwenye joto linalopanda na kushuka kila siku, achilia mbali wizi. Kama unataka kuona visukuku halisi, pitia Makumbusho ya Taifa, Nairobi, kabla ya kuanza safari. Huko utaona pia mifupa ya kijana wa Homo erectus kutoka Nariokotome, magharibi mwa ziwa, KNM-WT 15000, aliyegunduliwa na Kamoya Kimeu mwaka 1984. Ushauri wetu ni Nairobi kwanza, Koobi Fora baadaye. Ukishaona mfupa wenyewe, udongo ulikotoka aina hiyo ya mifupa unausoma kwa macho tofauti.

Kwa nini kuna mifupa iliyoachwa nje porini?

Hayo ndiyo maonyesho makuu. Nje ya jengo kuna visukuku vilivyofukuliwa nusu vikaachwa palepale vilipolala, vikajengewa kibanda cha kuvikinga: ndovu wa kale, Elephas recki, kobe jitu, na mamba Euthecodon mwenye pua ndefu nyembamba ya kudaka samaki. Vimesambaa, kwa hiyo unafika kwa gari na kumalizia kwa mguu ukiongozana na mwelekezi. Kuna pia msitu wa miti iliyogeuka mawe upande wa kilima cha Sibiloi. Magogo yamelala na mistari ya mbao bado inaonekana, ila ukigonga unasikia jiwe.

Viliachwa pale kwa sababu mfupa ulio kwenye tabaka lake unasema mengi kuliko mfupa kabatini. Unaona mchanga wa mto chini yake, matope ya ziwa juu yake, na unajua huyu ndovu alifia ukingoni, si nyikani. Usipande juu ya ukuta wa kibanda, usiguse na usimwagie maji ili picha itoke vizuri. Maji huingia kwenye nyufa, na yakikauka huinua magamba ya juu ya mfupa.

Wanajuaje umri?

Kwa kawaida si mfupa unaopimwa. Kipimo cha kaboni, ambacho wengi wamekisikia, hufika kama miaka 50,000 tu. Hapa kinachopimwa ni majivu ya volkano. Volkano ilipolipuka ilitandaza majivu, mito ikayafunika kwa udongo, mlipuko mwingine ukaleta tabaka jingine. Ndani ya majivu kuna fuwele zenye potasiamu, ambayo sehemu yake hugeuka kuwa gesi ya agoni kwa mwendo usiobadilika. Pima agoni, upate umri wa tabaka. Kisukuku kilicho kati ya matabaka mawili ni kichanga kuliko la chini na kikongwe kuliko la juu.

Kipimo hiki hukosea kama majivu yamechanganyika na fuwele za zamani zilizobebwa na mto. Mfano maarufu uko hapa hapa: tabaka la KBS, lililopewa herufi za jina la mtafiti Kay Behrensmeyer, aliyepata zana za mawe eneo hilo mwaka 1969. Mwanzoni lilipimwa likatoka miaka milioni 2.6, na fuvu 1470 lililokuwa chini yake likahesabiwa kuwa kongwe kupita kiasi. Waliozua shaka ni nguruwe. Visukuku vya nguruwe-mwitu chini ya tabaka hilo vilifanana na vya bonde la Omo, Ethiopia, ambavyo umri wake ulikuwa mdogo zaidi. Baada ya miaka ya mabishano majivu yakapimwa upya, na leo tabaka la KBS linakubalika kuwa la miaka milioni 1.88 hivi. Mwulize mwelekezi akuonyeshe mstari wake wa kijivu kwenye gema.

Nikiona kisukuku njiani nifanye nini?

Kwanza hakikisha. Mfupa mpya ni mweupe na mwepesi. Kisukuku mara nyingi kina rangi ya kahawia, kijivu au nyeusi, na mahali kilipovunjika huonekana vitundu vidogo kama vya mkate; jiwe la kawaida halina vitundu vya mpangilio huo. Usilambe kujaribu kama kinanata ulimini, hata kama umeona mtu akifanya hivyo.

Kisha simama, tazama unapokanyaga, maana vipande vingine huwa karibu. Usikiinue. Piga picha moja ya karibu ukiweka kalamu kando kuonyesha ukubwa, na moja ya mbali inayoonyesha gema na kilima. Andika vipimo vya GPS, mweleze mwelekezi au makumbusho, na usivitundike mtandaoni.

Kukiondoa ni kosa chini ya Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006. Ila hata bila sheria, kisukuku kilichohamishwa mita kumi tu kimepoteza tabaka lake, na kikipoteza tabaka kimepoteza umri. Wanaorudisha mawe kwa posta baada ya miaka, wakiomba radhi, wanarudisha kitu kisichoweza tena kusema lolote. Usirundike mawe kwa urembo pia. Kokoto kali zenye kingo zinaweza kuwa zana za miaka milioni na nusu.

Zile nyayo za binadamu wa kale za Ileret zinaonekana?

Usipangie safari kwa ajili yake. Nyayo za miaka kama milioni 1.5 zilitangazwa mwaka 2009, na mwaka 2024 watafiti wakaeleza nyayo za aina mbili za viumbe kwenye uso mmoja wa matope ya kale. Nyayo zikiachwa wazi huliwa na mvua na kwato za mbuzi. Ni shida ileile ya Laetoli, Tanzania, ambako nyayo zilifukiwa tena ili zihifadhiwe.

Wanyama wapo?

Wapo, lakini si Maasai Mara. Choroa, nyamera, swala granti, pundamilia wa kawaida na wa Grevy, twiga, mbuni. Ufukweni kuna viboko, ndege wengi na mamba wengi mno. Mifugo huingia mbugani wakati wa ukame na wanyama wamepungua. Mwaka 2018 UNESCO iliiweka hifadhi hii kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, hofu kubwa ikiwa bwawa la Gibe III kwenye mto Omo, unaoleta takriban asilimia 90 ya maji ya ziwa.

Naweza kuogelea?

Hapana. Mamba.

Usalama na afya je?

Uliza ofisi ya KWS na polisi Marsabit siku unayoondoka, si wiki moja kabla. Ugomvi wa malisho na mifugo huibuka na kutulia upesi. Askari wa kusindikiza ni sehemu ya bajeti, si anasa, na chakula chake na maji yake ni juu yako.

Nge na nyoka wa mchangani hujificha chini ya mawe na ndani ya viatu. Kung'uta viatu asubuhi, vaa buti, tembea na tochi usiku. Aliyeumwa na nyoka alazwe atulie, avuliwe pete na saa kabla ya kuvimba, kiungo kisichanjwe wala kufungwa kamba, na safari ya hospitali ianze mara moja. Kwa kuwa Marsabit ni mbali, katieni bima ya kusafirishwa kwa ndege, kama ile ya AMREF Flying Doctors, na mkodi simu ya setilaiti.

Nipige picha za watu na nirushe droni?

Watu uwaombe kwanza; Wadaasanach, Wagabra na Waturkana wamechoka kupigwa picha kupitia dirisha la gari. Droni inahitaji kibali cha mamlaka ya anga na cha KWS, na vyote viwili vishughulikiwe Nairobi.

Siwezi kufika mbali hivyo. Kuna mbadala?

Makumbusho ya Jangwa ya Loiyangalani, yaliyofunguliwa mwaka 2008 juu ya kilima kinachotazama ziwa. Yanaeleza zaidi maisha ya jamii za huko, wakiwemo El Molo wavuvi, kuliko visukuku, lakini kuna mji karibu, chakula na malazi. Ukiwa na siku nne tu kutoka Nairobi, nenda Loiyangalani na uiache Sibiloi kwa mwaka utakaokuwa na siku nane.